Baridi Yabisi na Kinga Isiyojua Kukoma

Asubuhi moja ya mwezi Juni, katika msimu wa kusi, nilimkuta shangazi yangu uani kwake Ngamiani, jijini Tanga, ameketi juu ya mbuzi na kipande cha nazi mkononi, lakini hakuni. Sinia lililokuwa chini ya meno ya mbuzi lilikuwa tupu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuzoea: "Ngoja kwanza mwanangu, mikono haijafunguka." Kila siku mikono hiyo huchukua zaidi ya saa moja kufunguka. Vifundo vya katikati na vya mashina ya vidole vimevimba, mkono wa kulia sawasawa na wa kushoto, ilhali vile vya karibu na kucha havijaguswa, na pete yake ya ndoa ilikwisha kukatwa na sonara kwa kuwa haikupita tena. Kando yake palikuwa na chupa ya vidonge alivyouziwa na kijana anayepita nyumba kwa nyumba, na kwenye lebo yake yaliandikwa maneno manne: huongeza kinga ya mwili.

Maneno hayo manne ndiyo yaliyonifanya niandike. Ugonjwa wa shangazi ni baridi yabisi, ule ambao madaktari huuita athraitisi ya rumatoidi, nao hautokani na uhaba wa kinga. Kinga yake ipo, tena imejaa tele. Kilichoharibika ni uwezo wa kinga hiyo kujizuia. Kumshauri mtu kama huyo aiongeze ni sawa na kumshauri dereva aliyekatikiwa breki kwenye mteremko wa Soni kushuka Mombo akanyage mafuta zaidi. Hata hivyo simlaumu sana yule kijana wa vidonge, kwa sababu alichokuwa akiuza si uongo alioubuni mwenyewe. Alikuwa akiuza namna ambavyo sisi sote, wasomi na wasio wasomi, tumejizoesha kuizungumzia kinga.

Kizazi changu kilijifunza neno kinga katika miaka ya UKIMWI. Jina lenyewe la ugonjwa huo lilitufundisha kwamba kinga ni kitu kinachopungua, na kliniki zikatufundisha kwamba kinapimwa kwa namba: CD4, zile chembe nyeupe za damu zinazohesabiwa kliniki, zimepanda, CD4 zimeshuka, kinga yako iko mia ngapi. Kwa ugonjwa ule somo hilo lilikuwa sahihi na liliokoa watu wengi. Lakini liliacha nyuma picha moja tu ya kinga, picha ya maji ndani ya pipa, ambayo yakijaa ni heri na yakipungua ni shari. Tangu hapo kila anayejisikia mchovu huambiwa kinga imeshuka, na kila kinachouzwa, kuanzia mlonge na habasoda hadi vidonge vya chupa, huuzwa kwa ahadi ya kulijaza pipa. Lugha ya namna hiyo haina mahali pa kumweka mgonjwa ambaye pipa lake limefurika na linabomoa nyumba.

Jina la Kiswahili la ugonjwa huu nalo lina ukweli nusu. Neno yabisi, yaani kavu na gumu, linaeleza vizuri kabisa mikono ya asubuhi isiyofunguka, na sijaona jina la kitaalamu linalolishinda. Neno baridi ndilo linalopotosha, maana limewafanya watu wa mwambao waamini kwamba upepo wa bahari umewaingia mifupani, kwa hiyo tiba ni mafuta ya karafuu, maji ya moto na kutolala sakafuni. Baridi inaweza kumwongezea mgonjwa maumivu lakini haimletei ugonjwa. Isitoshe, jina hilo moja hubebeshwa magonjwa matatu tofauti: jongo, linalotokana na fuwele za asidi ya yuriki, kuchakaa kwa gegedu, yaani tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye viungo, ambako huwapata wengi wetu magotini tunapozeeka, na huu ninaouzungumzia, ambao ni ugonjwa wa kinga. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wakiishi nao, na takriban asilimia 70 kati yao ni wanawake.

Sasa turudi kwenye breki. Ili kuelewa imekatikaje, ni lazima kwanza tukubali jambo ambalo linaonekana la ajabu, kwamba kila mwili wenye afya huzalisha seli zenye uwezo wa kuushambulia. Seli T, zile chembe nyeupe za damu zinazotambua adui, hutengenezewa vipokezi vyake kwa kuchanganya vipande vya jeni kwa bahati nasibu, ili mwili uwe tayari hata kwa kirusi ambacho hakijawahi kuonekana. Bahati nasibu haina macho. Miongoni mwa vipokezi hivyo vipo vinavyoshika kirusi cha mafua na vipo vinavyoshika protini za gegedu ya goti la mwenye mwili. Zinapokomaa, seli hizo hupita kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kidari, ambako huonyeshwa sampuli za protini za mwili, na zile zinazozishika kwa nguvu kupita kiasi huamriwa kufa. Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliona kwamba mchujo huo unatosha kueleza kwa nini hatujili wenyewe.

Hautoshi. Chekecheo lina matundu, na baadhi ya seli hatari hupenya na kuingia kwenye damu ya kila mmoja wetu, pamoja na msomaji asiyeumwa chochote. Katika miaka ya 1980, Shimon Sakaguchi wa Japani aliendeleza majaribio ambayo panya wachanga waliondolewa thaimasi siku chache baada ya kuzaliwa. Mtu angetarajia kwamba panya hao, wakiwa na seli T pungufu, wangekuwa na kinga dhaifu tu. Badala yake kinga yao iligeuka na kuvila viungo vyao wenyewe, na walipotiwa seli T za panya wazima, ugonjwa ukazuilika. Maana yake ni kwamba miongoni mwa seli T zimo ambazo kazi yake ni kuwazuia wenzake. Wazo kama hilo lilikuwa limesikika katika miaka ya 1970 chini ya jina la seli kandamizi, likaporomoka kwa kukosa ushahidi imara, na kulirudia kulihitaji ukaidi wa aina yake. Mwaka 1995 Sakaguchi alionyesha alama iliyo juu ya seli hizo, ambazo leo huitwa seli T dhibiti. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell, waliokuwa wakichunguza ukoo wa panya wenye ngozi ya magamba ambao wanaume wao hufa wakiwa wadogo, waligundua kwamba panya hao wana kasoro katika jeni waliyoiita Foxp3, na kwamba kasoro katika jeni hiyo hiyo kwa binadamu huwaletea watoto wa kiume maradhi makali ya kinga. Miaka miwili baadaye ikathibitika kwamba Foxp3 ndiyo inayoifanya seli T iwe dhibiti. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2025.

Kuna kipengele kimoja katika habari hiyo ambacho kingefaa kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye ukuta wa kila kliniki: seli T dhibiti alizozitambua Sakaguchi ni za kundi la CD4. Zile CD4 ambazo tumekuwa tukizihesabu kana kwamba zote ni askari wa aina moja, ndani yake wamo pia wanaowashika askari mikono. Namba moja inayopanda na kushuka haiwezi kutuambia ni wangapi wanashambulia na ni wangapi wanazuia, na kwa mgonjwa wa baridi yabisi uwiano huo, pamoja na hali ya kila upande, ndilo swali lenyewe.

Methali ya kikulacho ki nguoni mwako hujileta yenyewe hapa, na nimeisikia ikitumiwa kuelezea magonjwa haya, lakini naona haifai. Katika methali hiyo mlaji ni mgeni aliyejificha karibu. Ukivua nguo ukaikung'uta unamwondoa. Katika baridi yabisi hakuna mgeni wa kumkung'uta. Mfano unaokaribia zaidi ni wa sungusungu wanaozunguka usiku na kumkuta mwenye nyumba akihangaika na ufunguo mlangoni kwake. Wana haki ya kumuuliza. Tatizo linakuja pale ambapo katika kundi lao hakuna mtu wa kusema "mwacheni, ni mwenyewe huyu", au yupo akasema na sauti yake ikapotea katika kelele.

Hilo la sauti kupotea ndilo lililowashangaza watafiti walipoanza kupima maji ya viungo vilivyovimba. Walitarajia kukuta uhaba wa seli dhibiti. Mara nyingi wakazikuta kwa wingi kuliko zilivyo kwenye damu ya mgonjwa huyo huyo. Breki zilikuwepo pale pale penye moto, na moto ukaendelea. Mwaka 2004 kundi moja la watafiti jijini London lilionyesha kwamba seli dhibiti za wagonjwa hao zilishindwa kuzizuia seli nyingine kumwaga saitokini, yaani protini za kupeana taarifa ambazo huchochea uvimbe, na kwamba baada ya wagonjwa kupewa dawa ya kuifunga saitokini iitwayo TNF, seli hizo zilirejesha sehemu ya uwezo wake. Saitokini nyingine, IL-6, huzielekeza seli T changa ziwe za kuchochea badala ya kuwa dhibiti. Na seli zinazopaswa kuzuiwa nazo, zikishaoga katika mchuzi huo wa kiungo, huziba masikio. Kwa hiyo uvimbe huulemaza uzuizi, na uzuizi uliolemazwa huuachia uvimbe ukue. Ukishaanza mzunguko huo ni vigumu kusema kipi kilitangulia.

Ninachokiona kuwa kizito zaidi ni kwamba kosa lenyewe huanza muda mrefu kabla ya kidole kuvimba. Kuna vimeng'enya mwilini vinavyoweza kubadili kiungo kimoja cha protini, arjinini, kuwa sitrulini, jambo ambalo hutokea mahali penye uvimbe kama vile mapafu ya mvutaji sigara au fizi zilizooza. Kwa watu wenye aina fulani za jeni ya HLA-DRB1, protini zilizobadilishwa hivyo huonekana ngeni machoni pa kinga, na seli B, aina nyingine ya chembe nyeupe za damu, huanza kutengeneza antibodi, yaani protini za kumshika adui, dhidi yake. Antibodi hizo zinaweza kukaa kwenye damu kwa miaka kadhaa, pengine hadi kumi, mtu akiwa anakuna nazi na kufunga kanga bila taabu yoyote. Kisha siku moja, kwa sababu ambazo hazifanani kwa watu wote, utando laini unaozunguka kiungo huvimba, hujaa seli, huota kama nyama na kuanza kulitafuna gegedu, huku seli za kumeng'enya mfupa zikiitwa kuja kuchimba pembeni.

Hapa ndipo wapo watakaosema ni ugonjwa wa kurithi, na wengine, tuseme ukweli, watasema amefanyiwa. Mapacha wa kufanana kabisa wana jeni zile zile, lakini mmoja wao akipata baridi yabisi, mwenzake huipata katika takriban asilimia 15 tu ya visa. Sakaguchi huyo huyo, mwaka 2003, alieleza aina ya panya ambao kasoro moja ya jeni huifanya thaimasi yao ipitishe seli zinazoshambulia viungo, wakapata ugonjwa unaofanana sana na wa binadamu; lakini panya hao wakifugwa katika vizimba safi sana hawaugui, hadi wachokozwe na kitu kama ganda la fangasi. Jeni hufungua mlango, na kitu kingine ndicho huingia. Hakuna jirani anayehitajika katika maelezo hayo.

Mwambao wetu una sura yake katika hoja hii. Mwaka 1968 Brian Greenwood, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Ibadan, Nigeria, aliandika kwamba magonjwa ya aina hii yanaonekana machache mno miongoni mwa wagonjwa wake, akapendekeza kwamba huenda malaria na vimelea vingine tunavyoishi navyo tangu utotoni huifundisha kinga kujizuia. Miaka miwili baadaye yeye na wenzake walionyesha kwamba panya wenye asili ya maradhi ya kinga hukingwa nayo wakiambukizwa malaria. Wazo hilo lina mantiki, kwa sababu minyoo inayodumu mwilini kwa miaka, ikiwa ni pamoja na ile ya matende na mabusha ambayo watu wa Tanga hawahitaji kuelezwa, hudumu kwa sehemu kwa kuzichochea seli dhibiti za mwenyeji wake. Mnyoo unaomlazimisha mwenyeji apunguze hasira hupata makazi. Lakini mimi nalipokea wazo hili kwa tahadhari kubwa. Ugonjwa usiotafutwa huonekana haupo, na mwanamke wa kijijini mwenye vidole vilivyopinda mara nyingi hakuwahi kufika mbele ya daktari wa kumhesabu. Na hata kama lina ukweli, halimpi mtu yeyote ruhusa ya kuacha kulala ndani ya chandarua.

Kuna pia wanaohesabiwa kimakosa. Chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Wamakonde kusini mwa nchi yetu, na ambao jina lake la Kimakonde linaeleza hali ya kujikunja, unaweza kuacha maumivu na uvimbe wa viungo kwa miezi mingi, kwa sura inayofanana na baridi yabisi. Daktari wa mwambao asiyeuliza juu ya homa iliyotangulia anaweza kupotea njia.

Historia ya dawa za ugonjwa huu ni historia ya kuazima breki. Septemba 1948, katika Kliniki ya Mayo huko Marekani, Philip Hench na wenzake walimchoma mwanamke wa miaka 29 sindano za kotisoni, naye ambaye alikuwa hawezi kujigeuza kitandani akatembea ndani ya siku chache. Nobel ilifuata mwaka 1950, na machungu yakafuata pia: nyuso zilizovimba, mifupa iliyolainika, sukari iliyopanda, vidonda vya tumbo, maambukizi. Kotisoni na ndugu zake, prednisoloni na deksamethasoni, huzima kila kitu bila kuchagua. Zina nafasi yake, kwa muda mfupi na kwa kipimo kidogo, wakati dawa nyingine inasubiriwa kufanya kazi. Lakini ndizo hizo hizo zinazokaa ndani ya mchanganyiko wa vidonge vya rangi tatu vinavyofungwa kwenye kipande cha karatasi na kuuzwa kama "dawa ya miguu". Shangazi alivinywa kwa miezi minane kutoka duka moja ambalo sitalitaja. Alipona kwa kadiri yake, akaenda arusini, akacheza. Uso wake ukawa mviringo, watu wakamsifu kwamba amenenepa. Siku vilipokwisha na yeye akaacha ghafla, hakuweza kuinuka, na si viungo tu vilivyomwangusha. Mwili uliopewa kotisoni ya nje kwa miezi huacha kutengeneza ya kwake.

Breki zilizofuata zilikuwa za kuchagua zaidi. Mwaka 1992 Marc Feldmann na Ravinder Maini wa London waliwapa wagonjwa wa kwanza antibodi ya kuifunga TNF, na matokeo yake yakabadilisha tiba ya ugonjwa huu duniani kote. Kwetu sisi, hata hivyo, TNF ina kazi nyingine ambayo si ya kuichezea: ndiyo inayosaidia kuzishikilia seli zinazojenga ukuta kuzunguka vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala. Ukiiondoa TNF, ukuta hubomoka. Mwaka 2001 iliripotiwa idadi ya wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kutumia mojawapo ya dawa hizo, na tangu hapo kupima kifua kikuu kilicholala, na kukitibu kabla ya kuanza, ni sharti. Katika nchi ambayo kifua kikuu bado ni ugonjwa wa mtaani, sharti hilo si la kusoma haraka haraka. Uvimbe ule ule unaomlaza shangazi ndio, kwa mwenzake wa jirani, unaomweka hai.

Ipo dawa nyingine ambayo mantiki yake inanivutia kuliko zote, abatasepti. Seli dhibiti hufanya sehemu ya kazi yake kwa mkono uitwao CTLA-4, ambao huzifunika alama za kuamsha zilizo juu ya seli zinazowaonyesha wenzake adui, hivi kwamba seli T inayokuja kuuliza haipati jibu la pili inalolihitaji ili iwake. Abatasepti ni mkono huo huo uliotengenezwa kiwandani. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Uingereza na Uholanzi kwa watu 213 waliokuwa na antibodi na maumivu ya viungo lakini hawajavimba bado. Waliopewa dawa hiyo kwa mwaka mmoja, asilimia 6 tu waliingia katika ugonjwa ndani ya mwaka huo, wakati kwa waliopewa dawa ya kulinganishia, isiyo na kiambato cha kutibu, ilikuwa asilimia 29. Dawa ikasimamishwa. Mwaka wa pili ulipokwisha, waliougua walikuwa asilimia 25 ya waliopewa dawa na asilimia 37 ya wale wengine, yaani tofauti ilikuwa imesinyaa. Naisoma habari hiyo kwa namna mbili kwa wakati mmoja: inathibitisha kwamba ugonjwa unaweza kucheleweshwa kabla haujaonekana, na inathibitisha pia kwamba breki ya kuazima, ukishairudisha, mwili haujajifunza kuitengeneza ya kwake.

Wapo waliojaribu kuziamsha breki za mwili wenyewe, na tarehe 13 Machi 2006 inafaa kukumbukwa na kila anayesema kwa wepesi kwamba tutarekebisha kinga. Siku hiyo, katika hospitali ya Northwick Park jijini London, vijana sita wenye afya walichomwa dawa ya majaribio iitwayo TGN1412, iliyokusudiwa, pamoja na mambo mengine, kutibu baridi yabisi. Kwa wanyama ilionekana kuziongeza seli dhibiti bila madhara. Kipimo walichopewa vijana hao kilikuwa kidogo mara 500 kuliko kilichoonekana salama kwa nyani. Ndani ya dakika 90 wakaanza kutapika, kutetemeka na kuumwa kichwa, kisha viungo vyao vya ndani vikaanza kugoma, kwa sababu dawa iliziamsha seli za kushambulia badala ya zile za kuzuia. Wote sita walinusurika, baada ya kulazwa katika wodi ya mahututi. Kosa lilikuwa lile lile la pipa: kudhani kwamba kitu kinachoitwa seli T ni kimoja, na kwamba kukiongeza ni kukijua.

Utafiti haujakoma hapo. Zinajaribiwa dozi ndogo za saitokini IL-2, ambayo seli dhibiti huihitaji kuliko wenzake, na zinajaribiwa seli zilizofundishwa maabara. Nazifuatilia kwa hamu. Ila mgonjwa wa Ngamiani haishi katika maabara, na ningekuwa namdanganya kama ningemfanya asubiri.

Anachoweza kupata leo ni methotreksati, dawa kongwe ya saratani ambayo kwa kipimo kidogo imekuwa nguzo ya tiba ya baridi yabisi tangu miaka ya 1980, na ambayo bei yake haifanani hata kidogo na ile ya antibodi za kiwandani. Namna inavyofanya kazi inaungana na yote niliyoyasema. Kwa kipimo hicho kazi yake kuu si kuua seli za kinga. Sehemu kubwa ya faida yake huelezwa kwa kuongezeka kwa adenosini, kemikali ya kutuliza, na adenosini hiyo hiyo ni miongoni mwa vitu ambavyo seli dhibiti hutengeneza ili kuwapoza wenzake. Huchukua wiki sita hadi kumi na mbili kuonyesha matunda, na ndiyo maana wengi huiacha njiani. Huhitaji vipimo vya damu na ini kila baada ya muda, huhitaji foliki asidi pembeni yake, haifai kabisa kwa mjamzito wala kwa anayetarajia kuwa mjamzito, na pombe si rafiki yake. Muda nao una hesabu yake: kiungo kilichoanza kutibiwa katika miezi ya mwanzo kinaweza kubaki na umbo lake, lakini mfupa uliokwisha kuchimbwa haurudi. Mwenye vidole vilivyovimba pande zote mbili kwa wiki sita, na ugumu wa asubuhi wa zaidi ya nusu saa, asipite tena kwa mchuaji kwanza.

Shangazi alianzishiwa methotreksati baada ya kipimo cha kifua na cha homa ya ini kuwa salama. Vidonge sita vya miligramu 2.5, mara moja kwa wiki. Alirudi nyumbani na bahasha ndogo ya kaki ya dirisha la dawa, ile tunayoijua sote, yenye nafasi ya kuandika namba, alama ya kuzidisha na namba nyingine, na mtu aliyekuwa dirishani alikuwa amejaza kama anavyojaza siku zote: 6 x 1. Kila Mtanzania husoma maandishi hayo kwa namna moja, sita mara moja kwa siku, na methotreksati ikinywewa hivyo kila siku huharibu uboho, hujaza kinywa vidonda na inaweza kuua. Bahasha hiyo haina mahali popote pa kuandika wiki.

Nilimwomba kalamu. Nikaikata ile 6 x 1 kwa mstari, nikaandika IJUMAA TU, na yeye, ambaye hakuwa ameniuliza lolote juu ya seli wala saitokini, akaitazama na kusema: "Ijumaa kabla ya swala au baada?" Nikamwambia baada, akishakula. Akaifunga bahasha kwenye pindo la kanga, akakaza fundo kwa meno, kwa kuwa vidole vilikuwa bado havijafunguka.